Wana Malindi, kazi imeisha na jina limeisha, hivi mtu anajuaje thamani yake kwa Mungu?

mtu_wa_muyeye

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba msinicheke, ama mkicheka basi na kunijibu mnijibu. Mi ni kijana wa hapa Malindi, miaka 28, nimelelewa na bibi kule Ganda na sahi nakaa Muyeye chumba kimoja. Itakua ndefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mi nina majina matatu. Nyumbani naitwa Charo, nimerithi kwa babu mzaa baba, na bibi tangu niko mdogo akiniona naingia uani anasema "mume wangu amerudi" juu nabeba jina la mumewe. Kanisani nilibatizwa Emanueli. Na bichi naitwa Massimo. Hili la tatu nilipata 2016 nikiuza vibangili njia ya kuenda nguzo ya Vasco da Gama, kuna Mtaliano alisoma jina langu kwa kitambulisho akasema "Karo", nikamrekebisha, akarudia "Karo", nikaona kuliko kuitwa karo ya shule siku nzima bora nipewe jina lingine. Ndo akanipa Massimo na likashika. Mpaka mahasla wenzangu hawajui lingine.

Massimo alienda vizuri sana jamani. Nikashika Kitaliano, nikaingia hoteli kwa ile timu ya kuchezesha wageni mchana na kudansi usiku, tukafungwa 2020 wakati wa korona tukarudi. Nikamwekea bibi mabati, nikalipia mdogo wangu sekondari. Kanisani pia nikawa mtu, ilikua ikifika harambee ya spika ama ya kiwanja pasta anasema "bro Emmanuel yuko wapi, aje mbele tumuombee", naenda mbele nainamisha kichwa nawekewa mikono. Nakubali nilikua napenda.

Sasa sizoni ya mwaka jana ilipoisha Aprili hoteli ikafungwa kama kawaida ya mvua, tukaambiwa Julai tutaitwa. Mpaka leo hatujaitwa, nasikia yauzwa. Hao marafiki wa Ulaya meseji zangu zina tiki mbili za buluu na hakuna jibu. Dada tuliekua naye amerudi kwao. Mjomba aliekua akinipigia kila ijumaa hapigi. Na kanisani, hapa ndo pananiuma, nilikaa wiki tisa bila kwenda kwa sababu sina sadaka na viatu vimeachia, wiki tisa, hakuna hata mmoja aliuliza. Wiki ya kumi nikaenda nikakaa nyuma karibu na mlango, pasta anahubiri wewe ni kichwa wala si mkia, mgeukie jirani umwambie wewe ni wa thamani. Jirani yangu akanigeukia akaniambia mi ni wa thamani huku anaangalia simu.

Kila asubuhi nasema kwa kioo vile tulifunzwa, mi ni mshindi, mi ni mwana wa Mfalme, halafu natoka nje naona mi ni mtu wa kuambiwa "rudi kesho". Nimeanza kupita mangwe jioni, kule kwa mnazi, sifichi.

Swali langu ni hili, watu wakisema "thamani yangu iko ndani ya Kristo" wanamaanisha nini hasa? Sio mahubiri, nataka mtu anieleze vile yeye anaishi hio kitu saa kumi na moja alfajiri umeamka na huna nauli. Ama ni maneno ya kutuliza watu wasio na kitu?

boda_wa_maweni

Karo ya shule 😂😂 pole bro nimecheka kabla sijafika kwa machungu. Mi wa kanisa ni Krismasi na matanga tu kwa hivo hilo la Kristo nawaachia wenyewe. Lakini hio ya wageni kutojibu usiweke moyoni, wale walikua wanampenda Massimo na Massimo ni sehemu ya pakeji, iko kwa bei pamoja na chakula cha jioni. Ntarudi baadae kuna mteja.

mama_kadzo_gede

Mwanangu, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukuzitoa. Nimesoma mara mbili. Mimi ni mama wa watoto watano na wajukuu, niko chama cha akina mama kanisani kwetu miaka mingi, na kabla sijajibu kitu nataka nikuombe msamaha kwa niaba ya hao wa wiki tisa, maana na sisi huku kwetu tunafanya hivohivo, mtu akipotea tunasema "amehamia kanisa lingine" tunaendelea na vitenge vya sherehe.

Sasa nikwambie mimi nilivyoelewa. Umesoma Luka 15 yule kijana aliyechukua urithi akaenda nchi ya mbali, kila mtu anaijua, lakini kuna mahali pamoja watu wanapita mbio. Kijana akiwa kule kwa nguruwe anatunga hotuba. Anajipanga, nitasema hivi: baba nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Ni hotuba ya mtu anatafuta kazi hiyo! Amejipigia hesabu akaona mwana ameisha, lakini mtumishi bado anaweza, atapata mkate kwa jasho. Sasa shika Biblia yako uangalie akifika nyumbani. Anaanza ile hotuba, baba nimekosa, sistahili kuitwa mwana, halafu pale pa "nifanye kama mtumishi" hapasemi. Hapati nafasi. Babake ashaita watu walete vazi na pete na viatu. Mimi nimeisikia hadithi hii tangu niko msichana na nilikuja kuliona hilo nishapata wajukuu, nikaacha kuchambua mbaazi nikakaa tu.

Na viatu mwanangu. Umesema viatu vimeachia. Yule baba alifikiria viatu pia.

Mimi naona wewe tangu zamani ulikua unapeleka ile hotuba kanisani. Massimo analipwa kwa kuchekesha, Emanueli analipwa kwa kutoa. Kote ulikua umeajiriwa. Ndio maana kazi ilipoisha mjini ikaisha na madhabahuni.

sina_upande

Mama hapo nakubaliana na wewe ingawa mi siendi kanisa tena. Lakini wacha niseme kitu ambacho watu wa huku Malindi tunajifanya tumesahau. Mleta uzi anauliza mtu apate kujijua kupitia dini, na sisi tumekaa umbali wa mwendo wa gari tu kutoka Shakahola, ule msitu ambao mhubiri aliwaambia wafuasi wake wafunge mpaka wakafa. 2023 mi nilikua nauza chai na mahamri nje karibu na mochari, nilikua naona watu wametoka bara mabasi mawili matatu wamekaa chini ya mti na picha ya dada yao mkononi, wanangoja kutoa sampuli ya DNA. Miili zaidi ya 400. Wengi watoto. Na hao watu hawakuanza kwa kuambiwa mfe, walianza kwa kuambiwa vitu vitamu kama hivi hivi, nyinyi ni wateule, dunia haiwajui. Halafu choma cheti chako cha shule, acha kazi, acha dawa, acha jina lako. Ukishamaliza kumvua mtu kila kitu anachojijua nacho, humwambii kitu akakataa.

Kwa hivo mleta uzi kuwa makini sana na mtu yeyote atakaekuja inboksi akwambie yeye anajua wewe ni nani. Mtu aliepoteza kazi na dem na kanisa kwa mwaka mmoja ndo huyo wanaemtafuta.

mtu_wa_muyeye

Asanteni. sina_upande hilo nimelisikia na nilikua naogopa kulitaja. Kuna jirani wa bibi alienda huko na mtoto, wacha nisiendelee.

Mama Kadzo nimesoma yako nimenyamaza kwanza. Lakini naomba niulize bila kukosea adabu, yule kijana alikua na baba mwenye ng'ombe. Alikua na nyumbani pa kurudi, kulikua na ndama amenona anangoja. Mi babangu alienda Mombasa nikiwa darasa la pili na alikuja matanga moja tu, akaniuliza wewe ndo yupi. Kwa hivo mtu akiniambia Mungu ni baba, mi picha inayonijia ni hio. Sasa sijui naanzia wapi.

mama_kadzo_gede

Haijakosa adabu hata kidogo. Na sitakwambia ulazimishe picha. Kuna watu hapa kwetu neno baba likitajwa wanakunja mgongo, mimi mwenyewe nilikua hivyo miaka.

Lakini si umetuandikia kitu wewe mwenyewe pale juu, ukakipita. "Mume wangu amerudi." Wewe mtoto wa miaka mitatu una kamasi, hujachota hata ndoo moja ya maji, hujaleta senti, na mwanamke mtu mzima anaacha jembe anakwita mume wangu amerudi. Hilo jina ulilifanyia nini? Mimi ni Mgiriama mwenzio, najua utani wa bibi na mjukuu, najua ni mila tu na kicheko. Ila ndani yake kuna kitu, umepokelewa kabla hujafanya lolote. Kama baba ni neno gumu, anza na bibi. Mulungu hatakasirika. Isaya anasema mahali Mungu anawafariji watu wake kama mama amfarijivyo mtoto, sasa bibi si mbali na hapo.

ss_ticha_rabai

Nimechelewa, data ilikua imeisha. Mi ni mwalimu, kwetu Rabai lakini nafunza upande wa huko, na jumapili nakaa na watoto wa Sande Skuli. Nimeguswa na hii ya majina matatu kwa sababu kwetu majina ni habari ndefu.

Nyinyi mnajua Kengeleni pale Mombasa, ile njia panda ya Nyali yenye kengele. Ile ndo Frere Town, wamishenari wa Kiingereza walianzisha 1875 wakiweka watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa, na Rabai pia walikuja wengi. Sisi wengine ni damu ya hao. Mtu ametolewa Unyasa huko ama Uyao, ameuzwa mara mbili tatu, kila bosi amempa jina lake, sasa anashuka pwani anabatizwa anapewa jina la Kizungu. Kwa wengine lile jina lilikua la kwanza lisilo na bei nyuma yake, walilishika kwa mikono miwili mpaka leo wajukuu wanalo. Kwa wengine lilikua ni kufutwa mara ya nne, kwa upole tu safari hii. Nyanyangu aliweza kusema zote mbili kwa siku moja, asubuhi anashukuru misheni mchana anailaumu. Mi sijawahi kumaliza huo ubishi na sidhani nitaumaliza.

Lakini imenifanya niangalie sana Yesu anafanyaje na majina ya watu, na sina_upande hapa nakujibu na wewe. Yule Simoni mvuvi alipewa jina jipya, Kefa, yaani Petro. Siku ya kwanza kabisa wanakutana, Yohana sura ya 1, hajafanya kitu. Ni jina kubwa, mwamba. Halafu tunajua alichofanya, usiku ule mbaya Yesu amekamatwa, anaota moto wa makaa na askari na kusema simjui huyo mtu, mara tatu. Sasa nenda Yohana 21. Amerudi ziwani, kazi yake ya zamani, na hata hio imegoma, usiku kucha hakuna samaki. Alfajiri kuna mtu amesimama ufuoni. Hapo ndo pale pako mleta uzi, saa kumi na moja na huna nauli.

Na mtu huyo amefanya nini? Amewasha moto wa makaa. Makaa tena, ile harufu. Ameweka samaki na mkate. Hajauliza ulikua wapi, hajasema tuombe kwanza, hajasema simama nikuwekee mikono. Ameita, "Njoni mfungue kinywa." Na kabla ya hapo alisema leteni na hao samaki mliopata, yaani wa kwake walikuwepo tayari lakini na wao akataka wachange. Nawafundisha watoto hii kila mwaka na kila mwaka kuna mtoto anauliza Yesu alipata wapi samaki, na mi sina jibu.

Wakishakula, hapo ndo anaongea na Petro. Na hamwiti Petro! Anamwita "Simoni wa Yohana." Mara tatu. Jina la nyumbani, jina la babake. Wengine husema ni kumvua cheo, mi naona tofauti, naona anamtafuta yule mtu wa chini kabisa, aliekuwepo kabla ya cheo na kabla ya aibu, ndo anamuuliza wanipenda. Hamuulizi utaacha lini kuniangusha.

Ndo maana nakwambia sina_upande, kuna mtu atakuvua jina lako akupe lake ili akumiliki, na kuna mtu atakuita kwa lile lako mpaka ukumbuke kua unalo. Kujikana ambako Yesu anasema kwa Luka 9 sio kujidharau. Huwezi kuambiwa mpende jirani kama nafsi yako kama hio nafsi ni takataka, jirani ataumia! Mtu akikwambia choma cheti, acha dawa, usiongee na mamako, huyo hana habari na yule wa kuchoma samaki.

sina_upande

Ticha umeongea vizuri na sitabishana leo. Bado sirudi kanisani lakini. Hio ya makaa sikua najua.

nahodha_wa_amu

Salamu alekum wenyeji wa Malindi. Mimi ni Muislamu, mtu wa Amu, yaani Lamu, nimepita tu nikasoma na nikaona si vyema nende kimya. Jambo la imani yenu nawaachia wenyewe, lakini mambo ya mtu kuonekana si kitu kisha akaonekana ni mtu, hayo hata huku kwetu yana historia.

Huku Amu zamani mji ulikua na daraja zake. Kulikua na mabwana wa nyumba za mawe na kulikua na watu wa Langoni wa nyumba za makuti, na waliotoka utumwani, na hawa wa mwisho hakuna aliyetaka kukaa nao darsani. Akaja Habib Swaleh kutoka Ngazija, sharifu yeye mwenyewe kwa nasaba, akaenda kukaa na hao hao, akawasomesha kusoma, akawatia kwenye maulidi pamoja na matwari yao. Wakubwa wa mji hawakupenda. Na leo ukija Maulidi ya Amu msikiti wa Riyadha hutapata hata pa kuweka mguu, hao wakubwa wajukuu zao wamo humo humo. Sisi wazee wetu walikua wakisema yule hakuwapa watu daraja, aliwakalia karibu tu, na mtu ukimkalia karibu hainuki vivi hivi.

Kijana, mimi chombo changu kiko juu ya mti miezi mitatu sasa, wageni hakuna. Kusi ikivuma chombo chapandishwa pwani, yachokolewa kalafati, yapakwa mafuta. Hakuna mtu huja kukiambia wewe si chombo kwa sababu hauko majini. Hilo nimeliona kwa mato yangu mengi. Basi.

boda_wa_maweni

Nimerudi. Hio ya chombo imeniingia nahodha, wengine tuko juu ya mti tangu tuzaliwe 😅

Bro wa Muyeye sikia. Mi nina boda moja, naiendesha usiku kuanzia saa kumi na mbili. Mchana inalala. Nilikua na wa mchana akahama. Una leseni?

mtu_wa_muyeye

Leseni niko nayo, niliitoa 2019 na imekwisha nguvu Machi, ni kulipia upya.

Jamani nimesoma kila kitu na nataka niseme kitu kabla sijaongea ya boda. Juzi baada ya ile ya Mama Kadzo nilitembea, nikapita kale kakanisa ka Wareno, kale kadogo ka makuti karibu na bahari. Hapo mi nimepeleka wageni labda mara mia. Nina hotuba yake kwa Kitaliano, kwamba Fransisko Xaveri alipita hapa 1542 akienda India, makaburi ni haya, mahali pa kupiga picha ni pale, tafadhali mchango kidogo kwa mwenye kutunza. Naijua mpaka mahali pa kusimama wacheke. Nikakaa kwa ukuta nje nikagundua sijawahi kuomba hapo hata siku moja. Nikajaribu kuomba na kikaanza kutoka Kitaliano, nikajicheka peke yangu, kuna mzee wa kuokota plastiki akaniangalia kama nimevuta. Mwisho sikuomba kitu, nilikaa tu. Sikusikia sauti yoyote, nisiwadanganye. Ila sikua na haraka ya kwenda mangwe.

Ticha nina swali moja bado. Nikirudi kanisani nikae wapi? Sio kiti, najua kiti. Namaanisha nirudi kama nani, juu wao wanamjua bro Emmanuel wa harambee. Nikirudi mikono mitupu ni kama nawadai kitu.

ss_ticha_rabai

Hilo ni gumu na sina jibu safi. Mi ningeanza nje ya jumapili. Tafuta mtu mmoja tu wa pale ambae hajawahi kufaidika na pesa yako, labda yule mama anafagia, ama kijana wa kupanga viti. Kaa na huyo. Kanisa lenye watu mia nne haliwezi kukujua, anaekujua ni mtu mmoja mmoja. Na kama baada ya miezi kadhaa bado hapo thamani yako ni bahasha, hama bila vita, kuna makanisa madogo yenye watu ishirini wanaojuana mpaka mbuzi zao. Kuhama sio kuasi.

Na kitu kingine nikiseme kwa upole. Kama hulali, kama unaona kesho haina maana, hilo usilibebe kwa maombi peke yake, enda hospitali uongee na daktari. Sio kukosa imani. Eliya alitaka kufa chini ya mretemu na malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamletea mara ya pili, mahubiri yakaja baadae sana.

mama_kadzo_gede

Ticha Mungu akuweke. Mwanangu mimi jumamosi nakuja Malindi sokoni kuleta embe. Nitakua upande wa wauza nazi, uliza mama Kadzo wa Gede watakuonyesha, mwili ninao sipotei. Utakunywa chai. Usije na kitu.

Na bibi yuko mzima? Umemwambia?

mtu_wa_muyeye

Yuko. Sijamwambia, anajua tu hoteli imefungwa, anadhani ni mvua. Macho yamepungua sasa, nikiingia hajui ni nani mpaka niongee. Nimekua naenda usiku asinione vile nimekonda, sijui nilifikiria ataona nini.

Nitaenda kesho mchana. Nitamwambia.

Boda, pesa ya leseni nitapata wapi ndo shida, naweza nikaanza nikakulipa kidogo kidogo?

boda_wa_maweni

Lipia leseni kwanza, polisi wa pale raundabauti hawajui Massimo wala Emanueli. Mi nitakukopesha, utarudisha mia kwa siku. Anza jumatatu, sio kesho, kesho enda kwa bibi. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi stejini Maweni, usichelewe juu mi nakua nimechoka na naanza matusi. Na uje na helmeti yako, ya abiria iko lakini imepasuka.

Stejini nitawaambia unaitwa nani?

mtu_wa_muyeye

Charo.

boda_wa_maweni

Wako wawili tayari. Utakua Charo wa Ganda.